Kona Hamsini na Ngapi

Saa kumi na moja alfajiri Matamba bado haijaumbwa. Kuna ukungu, kuna jogoo ndani ya ukungu, kuna kikohozi cha injini, kuna wewe, Ambakisye, unayeniambia nitoe jiwe la tairi kana kwamba jiwe ni kosa langu. Magunia kumi na manne ya viazi, yote lumbesa. Na mimi lumbesa: masweta mawili, koti, kitenge juu ya koti, na maneno ya jana usiku yaliyokosa gunia.

Taa ya kushoto imekufa tangu Jumapili. Ya kulia inaona mita tatu na kurudi. Unasema, shuka. Unasema, Sanga, shuka utangulie na tochi. (Ukikasirika huniita kwa ukoo.) Nashuka. Natembea katikati ya barabara, mgongo wangu wazi mbele ya tani moja na nusu. Sikuoni. Wewe unaona kisigino, mwanga, pindo la kitenge. Nikisimama unasimama. Nikipenga kamasi unasubiri. Miaka sita tumeishi vyumba viwili pale Uyole na hatujawahi kusikilizana namna hii.

tu ni sisi. tu ni basi, hakuna kingine. tunakwenda. tunakwenda tu. Mwalimu wa darasa la nne alinichapa kwa kuzichanganya hizi mbili. Alikosea yeye.

Kona ya kwanza. Nimepanda tena, vidole vyangu ni vya mtu mwingine; unavichukua bila kuangalia, unavikalia, unaingiza gia. Hakuna anayetaja jana. Kona ya tisa, ya kumi na kitu. Ukungu sasa uko juu yetu, umegeuka wingu, mali ya watu wengine. Kona ya thelathini navua koti. Mbele kidogo wewe sweta: nakushikia usukani kichwa chako kikiwa ndani ya sufu, na kwa pumzi hiyo moja gari, viazi, korongo, vyote ni vyangu.

Ningeweza.
Ningaliweza.

Kichwa kinatoka, nywele zimesimama, unacheka. Tazama, unasema. Usangu yote imetandikwa chini, majaruba yanameta kama vioo vya kinyozi. Navua sweta la kwanza. La pili. Kadiri tunavyoshuka ndivyo tunavyovua, na kadiri tunavyovua ndivyo kila mtu anavyohamia dirishani kwake. Vidole vyangu vimepona, umevirudisha. Baridi ndiyo iliyotuoza. Viazi navyo huoza kwa joto. Neno ni lilelile, sikulitunga mimi.

Chimala. Vumbi, pikipiki, supu. Wanasema kona ni hamsini na saba. Mimi nimepata hamsini na tisa. Wewe, hamsini na tano. Tunabishana kwenye supu, tunabishana kwenye chapati, tunabishana mbele ya dalali anayechomoa kiazi kimoja, anakikwaruza kwa ukucha, anakinusa, anakirudisha bila kusema bei. Unasema nilisinzia. Nasema ulihesabu zile ulizoziogopa peke yake. Unanyamaza. Ni kweli, basi, ninyamaze na mimi; lakini mdomo umeshazoea mteremko: nakuambia kuna mbili ulizipita ukiwa ndani ya sweta, nilizikata mimi, na hukuuliza.

Hukuuliza.

Tiketi ya Iringa iko ndani ya sidiria tangu juzi. Unajua. Nilijua unajua tangu uliponiambia nitangulie na tochi, maana mtu asiyejua angenituma na kelele kidogo.

Dalali anataja bei. Ni mbaya. Wewe unaangalia mlima, ule mchirizi mwekundu unaojikunja na kujikunja mpaka unapotea kwenye weupe, midomo yako inahesabu. Kisha, bila kunigeukia:

turudi tu.

Basi la Iringa linapiga honi ya pili. Soksi zangu bado zimelowa Matamba.